Ndoo ya Senene Kutoka Muleba

Mama mkwe wangu hafungi mzigo kwa pupa. Msimu wa senene ukiingia Muleba, mwezi wa Novemba mvua zikishakolea, yeye na jirani zake hukaa barazani na beseni katikati yao, wakinyonyoa mbawa na miguu, senene mmoja baada ya mwingine, hadi ncha za vidole zinabadilika rangi. Kazi hii haina njia ya mkato. Senene hunaswa usiku kwa taa kali na mabati yaliyosimamishwa, hufika nyumbani alfajiri wakiwa bado hai ndani ya mfuko, na baada ya hapo ni mikono tu. Akimaliza kunyonyoa huwachemsha kwa chumvi kidogo, huwakaanga kwa mafuta yao wenyewe mpaka waanze kulia kikaangoni, kisha huwaanika juani ili unyevu wote utoke. Aliyekauka sawasawa hukaa wiki nyingi bila kuharibika. Aliyebaki na maji huoza kabla basi halijavuka Singida.

Mimi kwetu Pangani. Nimekulia samaki na nazi, na mama huyu ndiye aliyenifundisha kula senene, akinitilia kiganjani wachache wachache nilipokuwa bi harusi mgeni, naona haya kukataa na naogopa kumeza. Siku hizi magoti yake hayamruhusu tena kukaa ndani ya basi kwa zaidi ya kilometa 1,300 kuja kuwaona wajukuu, kwa hiyo kila mwaka anatuma ndoo. Senene wa kununua wanapatikana hapa Dar es Salaam. Lakini hao hawakupita kwenye vidole vyake, na watoto wangu wanajua tofauti hata wakifumba macho.

Mwaka jana alifunga kama anavyofunga siku zote: ndoo ya rangi iliyosuguliwa mpaka ikatakata, mfuniko ukazungushiwa soltepu, ndoo ikatiwa ndani ya salfeti, na mdomo wa salfeti ukashonwa kwa sindano ya magunia. Juu yake akaandika kwa maka jina la mwanawe, namba ya simu ya mwanawe, na kwa herufi kubwa: UBUNGO. Kituo kikuu cha mabasi kilishahama Ubungo. Kile kipya cha Mbezi Luis kilifunguliwa rasmi Februari 2021. Hata hivyo mama hakuandika jambo la ajabu, maana kampuni nyingi za mabasi ya mikoani bado zina ofisi zake Shekilango, jirani kabisa na kituo cha zamani, na kwa mtu wa Muleba huko kote ni Ubungo.

Asiyewahi kutumiwa mzigo kwa basi atashangaa jinsi utaratibu wenyewe ulivyo mwepesi. Mtumaji analipa ofisini, anapewa risiti, anapiga picha ya risiti na kuituma WhatsApp pamoja na namba ya basi. Hakuna anayeuliza anwani. Mzigo unakwenda kwa jina na namba ya simu, na mpokeaji anaufuata mwenyewe. Kwa njia hii ndizi, kahawa, maharage, vitenge vya sendoff, dawa za mitishamba na hata vitabu vya wanafunzi huvuka nchi kila siku. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 mambo yamekwenda kasi zaidi, ila mzigo nao unaweza kushushwa saa tisa usiku, wakati mwenyewe yuko kitandani na daladala hazijaamka.

Siku basi lilipoingia, mume wangu alikuwa Dodoma kikazi na mimi nilikuwa zamu ya mchana. Mimi ni mkunga. Nilipiga simu ofisi ya basi asubuhi, nikamwomba karani ampe mzigo dereva wa bodaboda anayemwamini, nikatuma nauli kwa simu pamoja na ya kutolea. Baada ya muda kijana akanipigia.

“Mama, shikamoo. Nina mzigo wako wa Bukoba. Niulete wapi?”

Nikamtajia barabara na namba ya nyumba, kama zilivyo kwenye kibao cha getini.

“Hapana mama, namba haitanisaidia. Niambie ni karibu na nini.”

“Ukifika Goba Njia Nne, shika barabara ya vumbi, teremka bondeni, panda. Utaona duka la Mangi lenye friji jekundu nje. Geti linalofuata, la bluu.”

“Kwa Mangi. Haya, nimepaelewa. Nitumie na lokesheni.”

Nikaituma. Ujumbe ukabaki na tiki moja ya kijivu. Bando lake lilikuwa limekata, au alilizima ili lisimwishie. Nikaingia chumba cha uzazi, na huko simu haziingii. Nilipotoka nilikuta simu alizopiga zikakosa wa kuzipokea, na meseji moja: MZIGO NIMEUACHA KWA MANGI. Nikapiga. Haipatikani.

Nyumbani, dada alikuwa ameshinda barazani akichambua mchele, macho getini. Hakuna pikipiki iliyosimama. Nikavuka kwenda kwa Mangi wetu. Akaniambia, “Mama, leo nimepokea mikate na mitungi ya gesi basi. Hao senene ningewasahau vipi?”

Hapa ndipo penye kiini cha mkasa. Katika jiji hili duka la mtaani ni kwa Mangi, hata kama mwenye duka ametoka Iringa na hajawahi kuuona Mlima Kilimanjaro. Na kila duka la namna hiyo lina friji lililopakwa rangi na kampuni ya soda, mara nyingi nyekundu. Kijana aliposema amepaelewa, alikuwa amepaelewa kwelikweli. Alielewa Mangi mwingine, bonde jingine na friji jingine.

Binti yetu wa kidato cha pili na mdogo wake walizunguka jioni ile duka kwa duka, kuanzia Njia Nne kuteremka. Mimi nikamfuata balozi wetu, naye akaandika kwenye kundi la mtaa kwamba inatafutwa salfeti iliyoandikwa Ubungo, imetoka Muleba. Majibu yalimiminika. Wengi walikuwa na visa vyao. Mama mmoja alipotelewa na kitambaa cha sare ya harusi ya mwanawe, kikaja kuonekana harusi ikiwa imepita. Baba mwingine alingoja betri ya sola mpaka akanunua nyingine, na ile ya kwanza ikaletwa kesho yake. Kijana anayefuga kuku alipokea vifaranga vya mtu mwingine, akavilisha kwa pesa yake mpaka mwenyewe akajulikana. Nilisoma yote hayo usiku na nikaona kwamba mtaa mzima unaishi na jambo hili, kila nyumba imelinyamazia peke yake.

Vibao tunavyo. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti 23, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima. Barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na kila kata ina postikodi yake ya tarakimu tano. Za Dar es Salaam huanza na 1. Kuna hata programu ya simu, NaPA, unayoweza kutafutia anwani ikakuonyesha njia. Niliunga mkono kazi ile tangu siku ya kwanza, na vijana waliokuja kuandika namba yetu niliwapa maji ya kunywa. Ila kibao kwenye geti langu hakimsaidii mtu anayetafuta njia akiwa bado Shekilango, kama hajazoea kuuliza namba na ofisi iliyomtuma haimpi karatasi yenye anwani. Barabara yetu ilipewa jina la mti ambao ulishakatwa. Hakuna konda anayelitaja wala mpangaji anayelijua. Jina la barabara hukaa vichwani mwa watu kwa kutumiwa, na ofisi za mizigo ndizo zingeweza kulitumia kila siku, mchana na usiku.

Wala simlaumu kijana kwa moyo mmoja. Analipwa kwa safari, na hakuna anayemlipa dakika anazosimama getini akipiga simu isiyopokelewa. Mafuta ni yake, jua ni lake. Mtu akikabidhiwa mzigo kwa masharti hayo, ataushusha penye kivuli cha kwanza kinachofanana na maelezo aliyopewa.

Baba Mdogo, mdogo wa marehemu baba mkwe, alipata habari akaja bila kuitwa. Ni mstaafu wa posta. Aliingia kazini enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1994. Hakuuliza duka gani wala pikipiki gani. Aliuliza, “Nani alisaini?” Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, kama daktari anayebonyeza mahali pale pale. “Karani alipompa kijana, nani alisaini? Kijana alipomwachia huyo Mangi, nani alisaini?” Enzi zake, alisema, mfuko haukubadilisha mkono bila karatasi kubadilisha mkono. Ukipotea, unarudi nyuma saini kwa saini mpaka unafika kwa mtu.

Maneno yake yalikuwa na uzito nyumbani kwetu kwa sababu ya sanduku la Muscat. Miezi michache kabla ya hapo mdogo wangu anayefanya kazi Oman alituma kwa posta viatu vya shule, shungi mbili na udi wangu. Picha ya risiti ilikuja na ukungu. Namba ya ufuatiliaji ilisomeka yote isipokuwa tarakimu moja, ambayo ilikuwa ama 1 ama 7, na mdogo wangu alishaitupa risiti yenyewe. Baba Mdogo akamwita binti yetu, akamwambia alete daftari la hesabu.

Namba hizi, akamweleza, zinafuata kanuni ya Umoja wa Posta Duniani, ule ulioasisiwa Bern mwaka 1874. Herufi mbili za mwanzo zinataja aina ya huduma, mbili za mwisho zinataja nchi ulikotoka mzigo, OM kwa Oman, TZ kwetu. Katikati kuna tarakimu tisa, na ya tisa kazi yake ni kuzilinda nane zilizotangulia. Zidisha ya kwanza kwa 8, ya pili kwa 6, kisha kwa 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Jumlisha majibu yote, gawanya kwa 11, salio litoe kwenye 11. Unachopata ndicho kinachopaswa kusimama mahali pa tisa. Ikitoka 10 huandikwa 0, ikitoka 11 huandikwa 5. Mtoto akapiga hesabu kwa 1, haikukubali. Akapiga kwa 7, ikakubali. Alipiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni. Tukaingiza namba, tukaona sanduku limekwishafika nchini na taarifa imepelekwa kwenye S.L.P. ya shule ambako mume wangu alifundisha zamani, anwani ambayo mdogo wangu alikuwa nayo tangu harusini. Mwalimu mwenzake wa zamani akaichukua kadi, akatuletea, na viatu vikafika kabla shule hazijafunguliwa.

Kwa hiyo Baba Mdogo alipouliza nani alisaini, sote tulinyamaza tukamsikiliza.

Wakati huo Muleba simu zilikuwa hazikatiki. “Wamefika?” Mume wangu, akiwa Dodoma, alimjibu mama yake kwamba wamefika Dar, na alitaka tungoje kwanza kabla ya kusema zaidi, labda wataonekana. Nilikataa. Yule ni mama mtu mzima, na kazi iliyopotea ni kazi yake. Nikampigia mwenyewe jioni, nikamweleza yote: Shekilango, pikipiki, meseji, Mangi asiyejulikana, simu isiyopatikana.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Waitu, mwanangu. Na huyo kijana, mmejua kama alifika salama?”

Sote tuliozunguka maduka, pamoja na balozi na kundi zima la mtaa, hatukuwa tumeuliza hilo. Simu imezimwa, barabara ya vumbi ina utelezi wa Novemba, malori ya mchanga yanapita. Kesho yake asubuhi nilipiga ofisi ya basi kwa swali hilo tu. Karani akaniambia kijana ni mzima, yuko kijiweni. Simu yake iliingia maji siku ile ya mvua, namba zote zimepotea. Nikamrudishia mama habari, akashukuru kama aliyeambiwa senene wamepatikana. Kijana mwenyewe alipoulizwa alikumbuka duka, friji na mtu mrefu mwenye kofia. Mahali hakuweza kupataja. Siku ile alikuwa na mizigo mingine nyuma ya kiti.

Senene walipatikana msibani. Jirani wa ng'ambo ya bonde alifiwa, balozi wetu akaenda kuhani, na baada ya chakula akaomba nafasi ya kutoa tangazo dogo. Mama mmoja mchoma vitumbua akainua mkono: kwa Mangi wao, upande wa Kulangwa, kuna salfeti juu ya kreti za soda, na mwenye duka huwa anauliza kila mteja kama ana ndugu Muleba.

Nilikwenda na binti yangu. Mangi yule ni mtu wa Rombo kwelikweli, mrefu, mwenye kofia. Akatukaribisha kwa soda kabla hajashusha mzigo. Alikuwa amejaribu kupiga namba iliyoandikwa kwenye salfeti, akapokewa na mzee wa Kigoma aliyemjibu kwa upole kwamba hangoji kitu kutoka Bukoba. Tukaitazama pamoja. Uzi wa kushonea ulipita juu ya tarakimu ya mwisho na mvua ikasambaza wino, 3 ikageuka 8. Binti yangu akaniambia palepale kwamba namba ya simu haina tarakimu ya ulinzi. Ukikosea moja inaita vilevile, na binadamu mwingine anapokea.

Kisha Mangi akafungua daftari lake la madeni. Kwenye ukurasa wa nyuma, chini ya orodha ya vocha, aliandika tarehe, saa, namba ya usajili ya pikipiki, na maneno haya: salfeti 1, Muleba, nzito, mwenyewe hajaja. Kutoka Muleba mpaka pale salfeti ilipita kwa karani wa huko, dereva wa basi na utingo wake, karani wa Shekilango na kijana wa bodaboda. Katika safari nzima ya barabara kuu, Biharamulo, Kahama, Singida, Dodoma, Morogoro, mtu aliyeandika ameupokea mzigo kwa nani na saa ngapi ni huyu mwenye duka, ambaye haukumhusu na hakulipwa hata shilingi. Nilitaka kumlipa gharama ya kuutunza, akakataa. Alichotaka ni nisaini kwenye ule mstari, niandike jina, namba ya simu na namba ya nyumba. Namba ya nyumba aliitaja yeye kwanza. Binti yangu alinitazama, nami nikamtazama.

Senene walikuwa wazima kabisa. Tulifungua ndoo jikoni, harufu ya kitunguu na mafuta ikatoka, nikawaonja mbele ya watoto, wakavunjika mdomoni kama siku waliyotoka kikaangoni. Mama aliwaanika vizuri. Kwa agizo lake bakuli la kwanza lilikwenda kwa Mangi wa Kulangwa, la pili kwa mchoma vitumbua, na la tatu, hili alilirudia mara mbili kwenye simu, kwa kijana wa bodaboda. Nililipeleka mwenyewe kijiweni Shekilango. Alipokea kwa mikono miwili, akaomba radhi, akaniandikia namba yake mpya.

Kutoka kijiweni niliingia ofisi ya basi. Nyuma ya risiti zao pamechapwa kwamba ofisi haitahusika na mzigo usio na maelezo kamili. Nikamwomba meneja anionyeshe mahali penyewe pa kujaza hayo maelezo kamili: wapi mtumaji anaandika barabara na nyumba, wapi dereva wa boda anasaini, wapi mpokeaji anasaini. Hapakuwapo. Tulizungumza kwa heshima, na kwa kirefu. Amekubali kwamba namba ya pikipiki na ya simu ya dereva ziandikwe kwenye nakala ya risiti inayobaki ofisini, na hilo wameanza. Nimeliona kwa macho yangu. Saini ya mpokeaji bado inamtatiza. Anasema wateja ni wengi, foleni itafika barabarani. Nilimwambia duka la Kulangwa nalo lina foleni jioni, watu wanataka unga na mafuta ya taa, na bado paliandikwa.

Wiki iliyofuata niliwapelekea kaunta buku. Binti yangu ndiye aliyeichorea safu kwa rula: tarehe, mzigo, ulikotoka, barabara na namba ya nyumba, aliyeuchukua, namba ya pikipiki, aliyeupokea, saini. Karani aliipokea, akaiweka karibu na mhuri wake. Meneja hajasema ndiyo wala hapana. Msimu mdogo wa senene huja Aprili, na mama ameshaulizia ndoo tupu kwa fundi rangi. Nitapita tena Shekilango kabla ya hapo.